Hodi ya Tatu

Ipo Jumapili moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko zote nilizojaliwa kuziona. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Sumbawanga ile inayomfanya mtu mzima avae sweta mbili na bado asugue mikono. Tulikuwa uani kwa shangazi yangu Skola, kule Kasense, baada ya misa ya pili. Tulikuwa watatu na vyombo vyetu, na mgeni mmoja wa redio aliyekuja na mashine ya kurekodi. Siku hiyo nilipiga kinanda vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Kila mtu alisema hivyo. Na siku hiyo hiyo niliharibu kitu ambacho mpaka leo, na mvi zangu hizi, sijaweza kukitengeneza.

Usicheke. Najua unajiuliza huyu bibi wa miaka sitini na kitu, mwalimu mstaafu, anajua nini kuhusu muziki wenu. Huo mnaoufanya na kompyuta, hauna maneno, hauna mwanzo, unasikia upepo, unasikia mlango, mara kama mtu anaburuta kitu sakafuni, dakika ishirini nzima, halafu mnanigeukia, 'Bibi, umeuonaje?' Nimeuona vizuri tu. Mnafikiri mmeuanza ninyi! Sisi tuliupiga huo huo kabla mama zenu hawajaota meno, ila hatukuwa na jina la kuupa. Jina walitupa watu wa Kasense. Walituita 'wale wa kelele'.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilipiga kinanda kwenye kwaya, na kaka yangu aliyekuwa anafanya kazi Tunduma alikuwa ameniletea kinanda changu mwenyewe, kidogo, cha betri sita, chenye vitufe vya sauti ya filimbi na ya fidla na nyingine ambazo sikujua ni za nini. Betri zikianza kuchoka, sauti ilikuwa inalegea yenyewe, inashuka taratibu, inatetemeka. Mimi niliudhika sana. Shangazi Skola alipoisikia mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, 'Iache ilegee hivyo hivyo, Kristina. Hapo ndipo inapozungumza.'

Shangazi Skola alikuwa dada wa baba yangu, mjane, mpika pombe ya ulezi. Uani kwake kulikuwa na mitungi kila upande. Mitatu alikuwa ameitenga, hakuipikia chochote, alitia maji tu, mmoja mwingi, mmoja nusu, mmoja kidogo. Alikuwa anaipiga kwa kiganja mdomoni, mara anamimina maji kutoka huu kwenda ule, polepole, mpaka unasikia sauti inapanda kadiri mtungi unavyojaa. Alifanya hivyo toka alipofiwa na mume wake. Watu walifikiri kachanganyikiwa. Mimi nilianza kwenda na kinanda changu Jumapili mchana ili kumchangamsha, kumbe yeye ndiye alikuwa ananichangamsha mimi. Hatukupiga wimbo. Tulikaa tu, yeye akigonga mtungi, mimi nikishikilia sauti moja, na upepo wa huku kwetu unavyojua kupita kwenye bati, basi na wenyewe tunauhesabu kama mwenzetu.

Huyo wa tatu alikuja na gunia la dagaa begani. Aliitwa Selemani, kijana wa Kipili, huko chini Ziwa Tanganyika. Mjomba wake alikuwa na kibanda cha samaki wakavu sokoni mjini, naye ndiye aliyepandisha mizigo kutoka ziwani. Shangazi alikuwa ameagiza dagaa. Selemani akafika, akatukuta tunapiga, akasimama nje ya uzio na gunia lake. Akasimama muda mrefu, mpaka shangazi akamwona.

'We kijana, mbona umesimama? Ungepiga hodi.'

'Shikamoo mama. Nimepiga,' akasema. 'Nimeupigia hodi huo muziki. Nasubiri unikaribishe.'

Loo! Shangazi aliacha mtungi akamtazama. Hakuwahi kusikia mtu akisema vile, wala mimi. Akamjibu, 'Marahaba. Basi karibu.' Jumapili iliyofuata Selemani alikuja na zeze lake, lenye kibuyu na uzi mmoja. Alikuwa Mwislamu, pombe hagusi, kwa hiyo shangazi akawa anamkorogea togwa yake pembeni, na ole wako uiguse. Mimi niliwahi kuionja mara moja nikapigwa na mwiko.

Sasa nisikilize vizuri, mwanangu, maana kila kitu kimekaa hapa. Kutokana na lile neno la Selemani, tulijiwekea utaratibu. Katika muziki usio na wimbo, hakuna wa kukuambia sasa zamu yako, sasa ubeti wa pili. Kwa hiyo mtu akiwa na kitu kipya anataka kukileta, anapiga hodi. Anatoa sauti ndogo kwa chombo chake, kidogo tu, kisha ananyamaza anasubiri. Wenzake wakimsikia wanampisha. Mimi nainua mikono kwenye kinanda, shangazi anafunika mdomo wa mtungi kwa kiganja. Hiyo ndiyo karibu yetu. Wakiwa katikati ya jambo lao hawakujibu, unasubiri, unapiga hodi ya pili. Kisha ya tatu. Na hodi ya tatu isipojibiwa unafanya kama mtu mwenye adabu anavyofanya nyumbani kwa watu. Unageuka unaondoka. Husukumi mlango, huchungulii dirishani, na hununi.

Mwanzoni tulikuwa tunacheka. Baadaye ikawa sheria yetu, na ikatufundisha kusikiliza kuliko kwaya yoyote niliyowahi kukaa. Miaka miwili, mwanangu. Jumapili kwa Jumapili, mvua ikinyesha tunaingia ghalani tunakaa kati ya mahindi. Selemani alikuwa na uwezo wa kuvuta sauti moja ya zeze kwa muda mrefu mpaka ukaanza kusikia ndani yake vitu ambavyo havimo. Hakuwa msemaji. Tulipomaliza alikuwa anafuta upinde wake kwa pindo la shati, anasema, 'Leo tumefika mbali,' au anasema, 'Leo hatukutoka,' basi. Na kila mara alikuwa amepatia.

Nilimpenda? Nitakuambia, maana shangazi hayupo tena wa kunicheka. Nilimpenda. Sijui kama yalikuwa mapenzi ya kuoana. Mimi Mkatoliki wa huku juu kwenye mahindi na ulezi, yeye Mwislamu wa ziwani, na hatukufika mahali pa kuulizana. Lakini mtu anayejua utapumua wapi kabla wewe mwenyewe hujajua, utamwita nani? Nimekaa na mume mwema miaka thelathini, Mungu amrehemu, na nilimwambia hili naye akalielewa. Kuna ukaribu wa kupiga pamoja ambao haufanani na mwingine wowote. Ukiupoteza unabaki unautafuta hata kwenye mazungumzo ya kawaida, unamwangalia mtu anavyokaa kimya unajiuliza kama anakusikia.

Haya, turudi kwenye ile Jumapili.

Mama yake Selemani alikuwa amefariki. Aliteremka Kipili kumzika, akakaa huko mpaka arobaini ikapita. Aliporudi alikuwa amekonda, sauti yake imezidi kuwa ndogo. Wakati huo huo habari zetu zilikuwa zimefika kwa bwana mmoja wa redio aliyekuwa anazunguka mkoani kurekodi ngoma za asili. Kaambiwa kuna watu Kasense wanapiga kitu hakieleweki. Akasema atakuja Jumapili.

Mwanangu, mimi kichwa kilivimba wiki nzima. Nilisuka nywele. Nilivaa gauni la Pasaka chini ya sweta. Na nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya kwa miezi mingi. Nilitia betri mpya, zote sita. Sauti ya kinanda ikatoka kali, imesimama wima, haitetemeki hata kidogo. Shangazi alipoisikia alikunja uso, akasema, 'Mbona leo kinapiga kelele hivyo?' Nikamwambia, 'Shangazi, leo tuna mgeni.'

Kabla hatujaanza Selemani alituita pembeni. Alikuwa amekumbatia zeze lake. Akasema, 'Leo nina kitu kidogo cha mama. Sikishiki vizuri bado. Kitakuja chenyewe katikati, mkinipisha.'

Shangazi akamshika bega. Mimi nikasema, 'Bila shaka, Selemani, tutakupisha.' Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Macho yangu yalikuwa kwa yule bwana anafungua begi lake.

Tukaanza. Mwanzo ulikuwa mzuri, upepo, mtungi, zeze chini chini. Lakini maiki yake yule bwana aliiweka mbele yangu, sijui kwa nini, labda kwa sababu kinanda ndicho chombo alichokijua. Nilipoiona pale mbele nikaona hapa ndipo penyewe. Uzio ulikuwa umejaa watu, wale wale waliotuita wa kelele. Nikashika sauti tatu nzuri, wakatikisa vichwa kwa kukubali. Nikaongeza. Nikaingiza kitu kama wimbo wa kanisani, si wimbo wenyewe, lakini kinachofanana, kitu ambacho sikio linakipokea haraka. Watu wakaanza kuguna kwa raha. Nikafumba macho. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe, na kila nilipofikiri nimefika mwisho nikapata njia nyingine. Nakuapia sijawahi kupiga vile tena. Kwa mbali nilisikia zeze likigusa mahali. Nikafikiri ananifuata. Nikafurahi ananifuata.

Nilipoinua mikono watu walipiga kelele za furaha. Yule bwana akanipa mkono, akasema, 'Dada, wewe ni fundi.' Shangazi alikuwa ameangalia mitungi yake. Selemani alikuwa amekaa, zeze liko mapajani, upinde uko chini. Akainuka, akaja mbele yangu, akakunja magoti kidogo, akapiga yale makofi ya heshima ya huku kwetu, viganja vimekunjwa, taratibu, kama tunavyosalimu wakubwa au tunavyoshukuru. Yalikuwa si ya kwao ziwani. Aliyajifunza uani kwa shangazi. Nikasema, 'Asante, Selemani, jamani!' Nikafikiri ananisifu. Hata sikumtazama usoni. Kumbe ananiaga.

Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Kibandani kwa mjomba wake nikaambiwa ameteremka Kipili, mizigo sasa inaletwa na mtu mwingine. Unajua nilisema nini? Nilisema, 'Ana wivu huyo. Nimesifiwa mimi, yeye hakusifiwa.' Nikaisema mbele ya shangazi, mara mbili. Alikuwa anachambua ulezi, akaendelea kuchambua.

Wiki ya tano kanda ikafika, yule bwana alitutumia kwa basi, Mungu ambariki, alikuwa mtu wa ahadi. Tukaiweka kwenye redio ya kaseti ya shangazi, mchana, sisi wawili tu. Nikajisikiliza. Nilikuwa natabasamu mwenyewe, we acha tu. Ikaisha. Shangazi akairudisha nyuma.

'Sikiliza tena. Usijisikilize wewe.'

Nikasikiliza tena, na bado nikajisikia mimi. Sikio lina ujinga wake. Akairudisha tena, safari hii akanishika mkono na kidole chake kimoja kikawa juu ya kiganja changu. Kinanda kikaendelea, kinaendelea, halafu akanigonga kiganjani. Moja. Ndipo nikasikia. Chini ya kinanda, zeze, vipande viwili vidogo, kisha kimya. Tukasubiri. Kinanda hakina habari. Akanigonga tena. Mbili. Zeze tena, juu kidogo, kama mtu aliyefikiri labda hawakusikia. Kimya. Kinanda kinapanda. Kisha kwa muda mrefu sana hakuna kitu, nikaomba Mungu hodi ya tatu isiwepo. Akanigonga. Tatu. Hiyo ilikuwa ndogo kuliko zote. Baada ya hapo, mpaka mwisho wa kanda, zeze halimo.

'Na mitungi yangu unaisikia?' shangazi akauliza.

Nikatega sikio. 'Siisikii.'

'Hutaisikia. Hodi ya kwanza tu niliifunika yote mitatu. Mimi nilimkaribisha. Lakini aliyeuziba mlango ni wewe.'

Nilianza kulia. Nikasema, 'Shangazi, kwa nini hukuniambia siku zote hizi?'

'Ningekuambia ungesema ana wivu. Si ulishasema?' Akazima redio. 'Kristina, unapiga vizuri. Baba yako angekuona angefurahi. Lakini siku ile ulipiga peke yako mbele ya watu wawili waliokuwa wanakupenda. Kafiwa na mama yake yule. Alikuja na mama yake mkononi, ukamwacha nje.'

Hakunipigia kelele. Laiti angenipiga na mwiko.

Kesho yake asubuhi nilipanda lori. Tulisimama Chala wakapakia magunia ya mahindi, tukasimama mno, mimi nimekaa juu ya magunia naomba dereva amalize chai yake. Kisha safari ya kushuka, joto linaanza, navua sweta ya kwanza, ya pili, mpaka ziwa likaonekana. Sikuwa nimewahi kushuka huko. Miaka miwili mtu ananiletea ziwa lake kwenye zeze, sikuwahi hata kumwuliza kwao kukoje.

Nilimkuta anapanga magunia kwenye boti. Aliponiona hakushtuka. Alinawa mikono, akanipeleka kwa dada yake, nikapewa maji ya kuoga, nikapikiwa migebuka, samaki wa ziwa lao, na ugali, nikakaribishwa kama mtu wa kwao. Nikashindwa kula. Tulipobaki wawili barazani nikamwambia, 'Selemani, nisamehe. Ulipiga hodi mara tatu. Sikukusikia.'

'Najua hukusikia,' akasema. 'Ungesikia ungenipisha. Sikukukasirikia hata siku moja, Kristina.'

'Basi rudi. Lete kile cha mama yako. Nitanyamaza toka mwanzo mpaka mwisho, nakuapia.'

Akatikisa kichwa. Akanieleza, na nadhani hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema kwa mara moja. Mama yake alipokuwa anaanika dagaa mchangani alikuwa anavuma kitu, hakina maneno, si wimbo, anavuma tu akiinama na kuinuka. Alivuma hivyo toka Selemani akiwa mgongoni. Siku za arobaini, kila alipokaa peke yake alikuwa anakisikia, lakini zeze likikigusa kinakimbia. Ndipo akawaza kwamba labda kinataka watu. Mama hakuwahi kuvuma akiwa peke yake, alivuma akiwa na wanawake wenzake wanaanika. Akasema nitakipeleka Kasense, kwa mitungi na kinanda kile kinacholegea, huko kitakaa.

'Siku ile kilikuwa kimefika hapa,' akasema, akajigusa chini ya koo. 'Kizima kabisa. Nikapiga hodi.'

Akaushusha mkono.

'Sasa hakipo. Nikikitafuta linakuja jambo lingine. Kilikuwa cha siku ile.'

Unaelewa, mwanangu? Wimbo ukiukosea leo utaurudia kesho, umeandikwa, upo kwenye daftari la kwaya. Muziki wetu huu, na huu wenu, hauna daftari. Kinachopita kimepita. Mwanamke yule alikuwa amezikwa, na kile alichovuma kilikuwa kimebaki kwa mtu mmoja duniani. Kikaja mpaka uani kwetu, kikaomba nafasi mara tatu. Mimi nilikuwa nasikiliza miguno ya watu wa uzioni.

Nikamwambia, 'Hata kama hakipo, njoo tupige kingine. Chochote. Njoo hata tukae kimya.'

'Nitakuja,' akasema.

Mtu mwenye adabu akitaka uende nyumbani kwa amani anakuambia nitakuja. Nilijua, na bado Jumapili nyingi nilikaa naangalia uzio. Nilimpelekea barua mbili kupitia kwa dada yake. Jibu lilikuja moja, dada mtu ameandika, 'Selemani anawasalimu wote hapo.' Baadaye nikasikia kaenda Kigoma na maboti. Mwingine akasema kavuka Kongo, kaoa huko. Sikupata tena habari ya uhakika. Kama yu hai ni mzee kama mimi, na sijui kama bado anapiga. Hilo ndilo linaloniuma. Nisingeuliza mengine, ningeuliza hilo tu.

Mimi na shangazi tuliendelea mpaka alipofariki, lakini tulikuwa kama watu waliobakiwa na mafiga mawili. Tulikuwa tunapiga, tunafika mahali, wote tunanyamaza kwa pamoja, tunasubiri, kisha tunaendelea. Baadaye nikafundisha, nikaolewa, nikazaa, nikastaafu. Nimepiga na watu wengi, wapigaji wazuri tu. Bado kila ninapokaa kwenye kinanda, katikati nainua mikono bila kukusudia. Wenzangu wanafikiri nimesahau. Sijasahau. Namsikiliza mtu ambaye hayupo. Nimemkumbuka, mwanangu. Kwa miaka yote hii sijapata neno jingine la kusema zaidi ya hilo. Nimemkumbuka.

Kwa hiyo juzi mliponikaribisha pale mjini, mkanisalimia 'mambo Bibi' halafu mkaona aibu mkasema shikamoo, nilifurahi mno. Nilikaa nikawatazama mnavyopiga. Ni wazuri ninyi. Lakini nilisikia pia mlivyokuwa mnasema mlipomaliza, mnarudia kusikiliza, mmoja anasema, 'Mshikaji hapa amelala, tumkate,' mkacheka, na yule mshikaji akacheka pamoja nanyi. Nilimtazama yeye. Alicheka upesi mno.

Nakuusia hivi. Mwenzako akinyamaza usiseme hana kitu. Kwanza jiulize kama alishasema, nawe ulikuwa wapi. Na kama kimya chake mmekirekodi, usikikate mpaka umekisikiliza ukiwa umejisahau wewe mwenyewe. Siku unayopiga vizuri kuliko siku zote ndiyo siku ya kufungua macho, maana siku unayopiga vibaya unawasikia wenzako bila kufundishwa. Wageni wakija, maiki ikiwekwa mbele yako, watu wakianza kuguna, inua mikono kabla hujachoka, inua wakati bado unapenda kuendelea. Hutapungukiwa. Na mtu akikuambia ana kitu kidogo cha mama yake, usimjibu huku unaangalia pembeni.

Ukishakosea, nenda leo. Usingoje wiki tano ukijipa moyo kwamba ana wivu. Inawezekana hata ukienda leo asirudi, mimi sikudanganyi. Lakini atakuwa bado ana kile kitu kooni, na pengine atakupigia wewe peke yako, barazani kwao, nawe ukawa mtu wa pili duniani kukijua.

Mungu wa babu zetu na wa babu zake Selemani akubariki, mwanangu. Akupe mikono inayojua kushuka na inayojua kuinuka. Akulinde na sifa za siku moja. Akupe wenzako, na akuachie wenzako, muote mvi pamoja kwenye baridi hii ya Ufipa. Na ukifika umri wangu akupe kile ambacho mimi sina, mtu wa kumwuliza jioni, 'Unakumbuka tulivyopiga siku ile?', naye akujibu, 'Nakumbuka.'